Visanduku Vitatu

Bi Lorraine wa ofisini ametugawia fomu ya kitabu cha mwaka,
karatasi ya manjano, visanduku vitatu:
kumbukumbu, shughuli, mipango.
Kila kimoja herufi sitini, na nafasi zinahesabiwa.
Mrudishe kabla ya Ijumaa.

Kumbukumbu.
Niliandika: theluji ya kwanza.
Sote tulioshushwa Erie na ndege tumeandika theluji ya kwanza.
Sikuandika kwamba asubuhi ile nilidhani ziwa limepasuka
na linatudondokea vipande vipande,
kwamba nilisimama kituoni na kandambili na soksi za baba,
dereva wa basi akashuka, akavua glavu zake, akanipa,
hakusema kitu.
Nilipomwona tena mwezi wa nne nikajifanya simjui,
kwa kuwa glavu moja nilikuwa nimeipoteza.

Wala sikuandika meza ile karibu na pipa la taka,
mimi na Susmita Gurung, mwaka mzima wa kwanza,
tukipaka piza ya shule pilipili ya mamake
kutoka kopo la mafuta ya kujipaka.
Tulikuwa na maneno ishirini ya pamoja.
Kumi na mawili yalikuwa matusi.

Shughuli.
Mbio za mita mia nane, misimu miwili. Nafasi ya sita, mara moja ya tano.
Fomu haiulizi kuhusu kiti kile
katikati ya mama na daktari,
mimi nikiwa na miaka kumi na mitano,
neno nalijua kwa lugha zote mbili,
nalizungusha mdomoni kama punje ya mchanga,
halafu nasema: "Mama, wanataka kutazama tena."
Daktari alikuwa amesema zaidi ya hapo.
Walitazama tena. Alipona.
Neno lile bado ninalo.

Mipango.
Derek Kowalczyk anakwenda kutengeneza vifuniko vya chupa,
kiwanda kilekile cha babu yake;
shangazi ameshamwekea neno kwa msimamizi.
Susmita anakwenda Pittsburgh kusomea uuguzi,
na swali lake kwa chuo lilikuwa moja tu:
chumba kina jiko?
Byaombe ameshatia sahihi jeshini.
Kinyozi amemnyoa mapema, masikio yamebaki
kama vishikio vya sufuria.
Mamake, aliyevuka mpaka usiku akikimbia watu wenye sare,
hatamki neno sare.
Anasema, zile nguo. Lini watampa zile nguo?

Mimi niliandika, nikafuta,
nikaandika, nikafuta,
hadi karatasi ikatoboka nikaona mbao ya meza.

Jumatano usiku nikamsomea mama swali.
Alikuwa ametoka kufua shuka za hoteli,
mikono inanuka dawa ya madoa.
Zamani, kwetu Uvira, wenye harusi walikuwa wakimfuata
awatungie beti.
Hakufikiri hata dakika. Akasema, andika:

  Joho utalirudisha, ni nguo ya kuazima,
  kofia utairusha, ishuke ikiinama,
  picha zitakuchekesha, siku ukizitazama,
  dunia ikikuchosha, keti kwanza, kisha hama.

Nikahesabu. Karibu herufi mia na hamsini.
"Punguza," nikamwambia.
"Ubeti haupunguzwi," akajibu, akaenda kuoga.

Basi nilichukua mkia tu,
nikaubandika karatasi kwa nyuma pale palipotoboka,
nikaandika polepole, kwa kalamu ya wino:
Keti kwanza, kisha hama.

Ijumaa Bi Lorraine alivaa miwani,
akaisoma akinong'ona, silabi moja moja,
akauliza ni chuo cha jimbo gani hicho.
Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.
Nikamwambia kiko mbali kidogo,
na kwamba bado hawajanijibu.